Pedali Haziji Nayo

Jamani, leo nimepitwa. Si na gari, gari nimezoea. Nimepitwa na mzee mwenye baiskeli ya kikapu, tena mlimani, tena kikapuni kuna furushi. Mnyororo wake unalia kwi-kwi, kwi-kwi, ndivyo nilivyojua kuna mtu nyuma yangu. Adabu haijanitoka, nikamwanzia salamu: "Shika…" Hiyo "moo" imetoka ameshakata kona.

Nikasema hapana. Mtu mzima hawezi kudhalilishwa na kikapu. Tatizo ni hii baiskeli. Alumini, kilo 9, fremu imechubuka, gia ukiita ya tatu inaitika ya tano. Imenitumikia, nashukuru, sasa ipumzike. Na mimi nipande ya kaboni kama waungwana.

Saa nne niko dukani, mikono nyuma, nimekunja uso kama mtu anayejua anachokitafuta. Kijana wa duka, amevaa kaptula ya kubana, akanijia: "Karibu mzee." Mzee! Nikameza.

Akanionyesha moja nyeusi, nyembamba, imesimama pale kama haijawahi kuona vumbi. Kibei nikakisoma mara mbili nikidhani ni namba ya fremu. Kabla sijauliza, kijana kaiinua kwa kidole kimoja. "Kilo 6.8, mzee. Nyepesi kuliko hapo hairuhusiwi mbioni. UCI, wale wakuu wa mbio za baiskeli duniani, wamepiga marufuku tangu mwaka 2000."

Nikatikisa kichwa kwa uzito, kana kwamba hao UCI wamekuwa wakinisumbua mimi binafsi.

Ila hesabu nilisoma. Mimi kilo 78, baiskeli yangu 9, jumla 87. Nikipunguza 2 na ushee, kilima cha dakika 10 kinanirudishia kama sekunde 15. Nikamuuliza, hizo sekunde 15 nikishafika juu nazifanyia nini? Maana najijua, nitazitumia zote kuhema.

"Mzee, uzito si hoja sana. Hoja ni upepo." Akaeleza vizuri, simlaumu: kwenye tambarare, ukishakolea mwendo, nguvu yako kubwa inaliwa na hewa, na sehemu kubwa ya hewa hiyo haipigi baiskeli, inampiga aliyekaa juu yake.

"Kwa hiyo kinachozuia upepo ni mimi?"

Kijana akaangalia tumbo langu, akaangalia dari. "Ndiyo maana hii inakulaza, mzee."

Inanilaza! Mimi kufunga kamba za viatu nakaa kitini.

Nikaona nimkomeshe kwa historia. Nikamwambia Eddy Merckx, yule Mbelgiji bingwa wa mbio za baiskeli, mwaka 1972, kule Mexico, aliendesha kilomita 49.431 kwa saa moja, na fremu ya chuma, kaboni hata hajaisikia. Kijana hakupepesa macho. "Na baiskeli yake ile haikufika kilo 6. Halafu mzee, yule alikuwa Merckx." Kanijibu sawasawa, nikajifanya nakagua spoki.

Tukaenda kwenye gia. Za betri. Unabonyeza kitufe, gia inahama yenyewe, mwiii. Zinachajiwa. Sasa mimi nachaji simu, nachaji saa, nachaji taa ya mbele na ya nyuma, halafu siku nimesahau nibaki na gia moja mlimani, yule mzee wa kikapu anipite mara ya pili? Basi, hata hilo nilikuwa tayari kulimeza. Mkono ulishaanza kuelekea mfukoni. Ndipo macho yakashuka chini, nikaona kitu hakipo.

"Kijana, pedali ziko wapi?"

"Pedali haziji nayo, mzee."

Haziji nayo! Zinasafiri tofauti? Nimekuta ndoo inauzwa, nikaambiwa mpini uko duka jingine! Ati kila mtu ana aina yake, za kubana na kiatu, kwa hiyo unanunua pedali, na viatu vya hizo pedali, na vile vyuma vidogo vya chini ya kiatu, na mtu wa kukufungia hivyo vyuma goti lisije likateguka. Kwa hela yote ile! Nikahisi sauti yangu inapanda, mteja mmoja akageuka. Nikasema nitarudi, kwa sauti ya mtu asiyerudi. Kijana kanipa kikaratasi chenye picha. Ninacho hapa. Si kwamba nakitazama.

Nyumbani nikaipindua ya zamani, nikaizungusha gurudumu la nyuma. Halikumaliza hata raundi mbili. Nikainama: breki inagusa rimu. Sijui tangu lini, huenda tangu mwaka jana nakanyaga huku nimejifunga breki mwenyewe. Mnyororo mkavu kuliko wa yule mzee. Tairi nikaliminya kwa kidole, kidole kikazama.

Breki nimeilegeza. Mafuta nimetia. Kujaza upepo sasa, pampu haipo. Aliiazima jirani kujaza mpira wa mwanawe, siku moja tu, alisema, na mtoto mwenyewe siku hizi ana ndevu. Nimeenda kubisha hodi, nimeipata, nashukuru. Imerudi haina mdomo. Namuuliza mdomo uko wapi, ananiambia aliupa mtu mwingine, na huyo mtu kahama.