Sikukamatwa na Makombe

Naandika haya mkono wa kulia bado unauma, na nina haraka, kwa sababu shoga yangu ameshairusha habari yake, eti nimekamatwa na makombe ya baharini, katika kila grupu la WhatsApp la Malindi, Shela, Maweni mpaka Barani. Kwa mliotumiwa ile picha: ndiyo, ni mimi. Ndiyo, nimepiga magoti na mikono iko nyuma. La, yule askari wa hifadhi hakunitia pingu. Na makombe sina!

Tulikwenda kuzamia pale hifadhi ya bahari, upande wa Casuarina. Kaskazi imetulia, maji maangavu, Mto Sabaki haujatuletea tope lake. Kwenye kukodi vifaa nikawekewa nguo mbili za kuzamia. Moja ya laikra, kitambaa cha kuvutika, nyembamba, unaikunja ikaingia kwenye mkoba. Ya pili ni ya neoprini, unene milimita 3, mpira mweusi uliojaa vipovu vya gesi, zipu mgongoni. Kulikuwa na ya tatu inayoishia mapajani, lakini hiyo tuiache, babangu anasoma hapa.

Shoga, ambaye alizamia kabla yangu na hachoki kunikumbusha, akasema chukua laikra. Maji yetu msimu huu ni nyuzi 28 hivi. Kwa mtu anayeshuka kidogo tu akapanda, adui si baridi, ni jua la mgongoni, yavuyavu na michubuko ya matumbawe, na laikra inakukinga. Nami nikatoa elimu yangu ya mtandaoni: maji hunyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa! Na ni kweli, wallahi. Anayekaa chini saa nzima kisha akarudi tena hutetemeka hata humu mwetu, na huyo milimita 3 zinamfaa. Mimi nilikuwa nakwenda kusalimia samaki.

Kijana akaniuliza saizi. Mbele ya watu. Nyuma yangu wamesimama Waitaliano, wembamba wote, wananisubiri.

Nikasema midiamu.

Kuna ujanja wa kuvaa mfuko wa plastiki mguuni ili mguu uteleze ndani. Sasa wewe utautoa wapi mfuko Kenya hii, marufuku tangu 2017? Basi shoga akavuta, mimi nikashika nguzo. Zipu ilipanda nikiwa nimetoa pumzi zote, na sidhani kama zote zimerudi. Mashua ikachelewa. Jua la saa saba, mpira mweusi. Jasho lilitafuta njia ya kutokea likaikosa.

Huko majini hakuna la maana. Vile vipovu vinapenda kuelea, nami nikaelea navyo, mwalimu akaniongeza vyuma vya risasi kiunoni vya kunizamisha, nikashuka, nikaona kasa, nikapanda. Kasa hakunicheka.

Sasa twendeni polepole. Nimerudi ufukweni. Zipu imeshuka. Mabega yametoka (ndani nina fulana na taitsi, tulieni). Mwenye akili huvua mkono mmoja, akamaliza, akaenda wa pili. Mimi nikaisukuma mikono yote miwili kwa pamoja, kwa nyuma. Nguo ikageuka ndani nje. Ikapita viwiko. Ikafika kwenye vifundo vya mikono, ikakaa. Nikavuta, ikanivuta. Nikainama nipate nguvu, magoti yakaenda mchangani, puh! Nywele usoni, mikono mgongoni, na hapo ndipo yule askari wa doria akatokea, akasimama juu yangu.

"Mama, kuna nini?"

"Sitoki!" nikasema.

Akadhani nakaidi amri.

Mnajua Malindi. Kila mtu anajua kuchukua makombe au matumbawe hifadhini ni kosa, kwa hiyo mahakama ikafunguliwa papo hapo. Mzee mmoja: "Na utu uzima huo!" Mtoto akamuuliza mamake kama nitalala ndani. Mama muuza viazi karai akaacha karai lake motoni aje kuona ushahidi. Nilitaka kujieleza, lakini hebu jaribu wewe kujieleza bila mikono, kwa Kiswahili cha pwani. Nikamtafuta shoga kwa macho. Yuko palepale, simu juu, anatafuta mwanga mzuri.

Askari alipofahamu akageukia bahari kwa heshima zake, kunigusa hawezi. Mabaharia nao wakaangalia nanga. Ni mama wa viazi karai aliyeita, "Leteni leso!" Wanawake wakanizungushia pazia, akamwagia maji ndani ya mkono wa nguo, akanikanyaga mgongo na kuvuta, mmoja, kisha wa pili. Nguo ikatoka na ngozi kidogo. Nikanunua viazi vya watu wote, basi, yakaisha.

Askari akaniomba radhi, halafu akaomba aangalie mkoba, maana kazi ni kazi. Akakuta kitana na mahamri mawili.

Mwenye ile ya laikra, mikono mirefu, miguu mirefu, anayeuza au kuazima, Malindi au Watamu, aniandikie faragha. Saizi ni XL. Haya, nimesema.