Lokidauni na dawa za VVU Uganda: nani apelekewe, nani aende mwenyewe

Machi 2020 Uganda ilifungwa ndani ya siku chache. Mipaka ilizuiwa kwa wasafiri, tarehe 25 usafiri wa umma ukasimama, bodaboda zikabaki kubeba mizigo tu, na tarehe 30 hata magari ya binafsi yakapigwa marufuku. Mgonjwa aliyetaka kufika hospitali kwa gari alitakiwa kwanza apate kibali cha RDC, mwakilishi wa rais wilayani. Wakati huo zaidi ya watu milioni moja nchini walikuwa wakimeza ARV, dawa za kufubaza VVU, kila siku.

Waliotetea amri hiyo walikuwa na hoja nzito. Kifo cha kwanza cha korona Uganda hakikutangazwa mpaka Julai 2020, wakati Ulaya ilikwisha kuzika maelfu. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache, na vingi vilikuwa Kampala. Tena mwenye VVU ambaye hajaanza dawa, au aliye na kifua kikuu, angekuwa hatarini zaidi akibanwa kwenye benchi la kliniki lililojaa. Kumweka mbali na msongamano kulikuwa ni kumlinda.

Ila ARV haina likizo. Mtu akiruka dozi kwa wiki kadhaa virusi huanza kuzaana tena, na vinaweza kuwa sugu kwa dawa aliyokuwa akiitegemea. Mei 2020 Shirika la Afya Duniani na UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, walikadiria kwamba huduma hii ikikatika kwa miezi sita, vifo vya ziada Afrika kusini mwa Sahara vingeweza kupita 500,000. Amri ya kuzuia ugonjwa mmoja ingeweza kuua kwa ugonjwa mwingine.

Kwangu mimi kosa kubwa lilikuwa kibali. Mtu ambaye ARV zimemkubali haonekani mgonjwa. Analima, anauza sokoni, anabeba magunia. Huyo ndiye aliyetakiwa kusimama mbele ya afisa, watu wakisikiliza, aeleze kwa nini asafiri. Na wapo wanaochukua dawa mbali na kwao kwa makusudi. Huku mpakani, Busia na Malaba, kuna wa upande wa Uganda wanaohudhuria kliniki za Kenya, na wa Kenya wanaovuka kuja huku, ili wasikutane na shemeji kwenye foleni. Malori yaliendelea kupita, watu wakazuiwa, na njia waliyoichagua kulinda siri yao ikafungwa. Aprili 2020, baada ya kilio kikubwa, wajawazito waliruhusiwa kwenda hospitali bila kibali. Ruhusa kama hiyo ilimfaa kila mwenye ugonjwa wa kudumu tangu siku ya kwanza: kadi ya miadi ya hospitali, isiyotaja ugonjwa, iwe ya presha, kisukari au VVU, ingetosha kumpitisha kizuizini.

Kilichookoa wengi hakikubuniwa na korona. Kabla ya hapo Uganda ilikwisha kuanza kuwapa dawa za miezi mitatu au zaidi wale ambao virusi vyao vimefubaa. Kulikuwa na vikundi vya wagonjwa wanaopokezana zamu ya kwenda kliniki kuwachukulia wenzao dawa, na vituo vya kugawia dawa vijijini, mtindo ambao TASO, shirika la Uganda la kuwasaidia wenye VVU lililoanzishwa mwaka 1987 na kina Noerine Kaleeba, liliukuza kwa miaka mingi. Barabara zilipofungwa mtandao huo ulitanuliwa. Wahudumu wa afya wa vijiji na wagonjwa wenyewe walibeba makopo kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa miguu. Hao nawaheshimu sana.

Hata hivyo, kupelekewa dawa nyumbani si heri kwa kila mtu. Kuna mke ambaye mume hajui. Kuna kijana anayeishi kwa mjomba. Kuna wanaotoa vidonge kwenye kopo na kuvifunga kwa karatasi ili visilie ndani ya mkoba. Gari lenye nembo ya shirika la UKIMWI likisimama mlangoni mwao, mtaa mzima umeshajua kabla dereva hajashuka. Kwa hiyo swali la mahali pa kupelekewa liulizwe leo, barabara zikiwa wazi, na jibu liandikwe kwenye faili: nyumbani, kanisani, msikitini, dukani kwa rafiki, au asipelekewe kabisa, aachiwe njia ya kuja mwenyewe.

Wanaosisitiza kliniki nao wanaona jambo ambalo kopo la dawa haliwezi kufanya. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake, na uzito hubadilika, lazima apimwe. Mama mjamzito, mwenye kikohozi kisichoisha, na yule ambaye kipimo kinaonyesha virusi bado viko juu, hawa wakipewa dawa ya miezi sita na kuambiwa kwaheri, wametelekezwa. Na ambaye hajawahi kupima hana kikundi wala faili. Magari machache yaliyopata ruhusa ya kutembea yalipaswa kuwafikiria hao kwanza, na wale ambao dawa zimewakubali wakapewa akiba ya kutosha wakae nyumbani.

Kufungiwa hakukuishia kwa korona. Oktoba 2022 Mubende na Kassanda zilifungwa kwa sababu ya Ebola, na mara hii ilikuwa wilaya mbili tu zilizozungukwa na nchi iliyo wazi. Yeyote aliyekuwa akichukua dawa wilaya ya jirani alikwama vilevile.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la ghala. Ukimpa kila mmoja dawa ya miezi sita leo na shehena ikachelewa, wa kesho atapewa ya wiki mbili. Sehemu kubwa ya ARV za Uganda hulipiwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, na Mfuko wa Dunia (Global Fund), na Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kliniki nyingi zilitikisika bila lokidauni yoyote. Luzira, Kampala, kuna kiwanda kinachotengeneza dawa hizi hapa hapa. Pesa za kununua akiba ya nchi zinapaswa kutengwa kwenye bajeti ya Uganda yenyewe, kila mwaka, na wabunge waulizwe juu yake kama wanavyoulizwa juu ya barabara.