Pita Wewe Kwanza

Baba mkwe wangu ameendesha magari Tanga tangu alipostaafu reli, na hajawahi kumgonga mtu yeyote. Wanaogongana ni wale aliowapisha. Nalisema hili kwa heshima zote, kwa kuwa mtu aliyeoa hapaswi kumkosoa mzee aliyemkabidhi binti yake, na ni heshima hiyohiyo iliyonikalisha kimya kwenye kiti cha abiria siku ya harusi ya shemeji yangu, nimepakata sufuria ya mchuzi wa kuku wa nazi, ajali naiona inakuja na mdomo wa kuisema sina.

Kwanza ni lazima mumfahamu mzee. Alikuwa stesheni masta kwenye njia ya Tanga hadi Moshi, akafanya kazi Pongwe, Muheza, Korogwe na Mombo, na miaka yake yote ya utumishi ilikuwa ni kuwaruhusu wengine wapite. Njia ile ni ya reli moja, kwa hiyo treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni, na stesheni masta hanyanyui bendera ya kijani mpaka awe amekwisha kuzungumza na mwenzake wa stesheni inayofuata na kuhakikisha kwamba njia i tupu. Bendera ikipepea, dereva wa treni huondoka bila wasiwasi, maana huko mbele hakuna atakayechomoza. Mzee alipostaafu aliirudisha bendera, lakini mkono aliondoka nao. Siku hizi huutoa dirishani na kumpungia kila anayemwona amesimama, na aliyepungiwa huondoka kwa imani ileile ya dereva wa treni, bila kujua kwamba safari hii hakuna aliyepiga simu stesheni ya mbele.

Tanga nayo ni mji wa baiskeli. Watu huendea kazini, sokoni na hata msibani, na kwa kuwa mwenye baiskeli hutakiwa kushika kushoto kwake, ile nafasi iliyo kati ya gari na ukingo wa barabara huwa haikai tupu. Ukisimamisha gari Ngamiani, ubavuni kwako kushoto kuna mtu, usipomwona, yupo. Na Ngamiani yenyewe, kwa asiyeijua, ni mitaa inayohesabiwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, inayokatana kila baada ya hatua chache, hivyo kwamba mtu mwenye tabia ya kupisha hupata nafasi ya kuionyesha karibu katika kila kona.

Siku hiyo tulitoka Chumbageni kwenda Makorora na gari la mke wangu, ambalo ni la otomatiki, yaani lile ambalo likiwa kwenye gia, ukiondoa mguu kwenye breki huanza kujiendea lenyewe taratibu. Nilijitolea kuendesha. Mzee akakataa, akasema mgeni haendeshi. Mimi nimeoa hapa zamani, lakini naona bado ni mgeni kila inapotokea kazi ninayoiweza; inapotokea kazi ya kupakata sufuria nahesabiwa kuwa mwenyeji.

Tulifika kwenye kipilefti. Kanuni ya kipilefti ni nyepesi: anayetaka kuingia humsubiri aliye ndani, yule anayemjia kutoka kulia kwake, na aliye ndani huzunguka akatoka. Mzee aliingia vizuri, kisha akiwa katikati ya mzunguko akaona daladala inasubiri kuingia, akasimama. Daladala ikaingia. Akaona bajaji, akaipungia. Akaona lori la saruji, akalionea huruma kwa sababu ya mzigo, akalipungia pia. Lori lilipokwisha kuingia likazuia njia ya kutokea, daladala ikakwama nyuma ya lori, bajaji ikakwama nyuma ya daladala, nasi tukakwama nyuma ya bajaji tuliyoikaribisha wenyewe, na kipilefti chote kikaziba kama koo lililoingiwa na mwiba wa changu. Konda wa daladala akatoa kichwa, akauliza kwa sauti ni nani mwenye harusi hapa. Mzee alimjibu kwamba harusi iko Makorora, karibu sana.

Katika kusubiri huko akanisimulia kisa anachokipenda kuliko vyote, cha vita vya Tanga vya Novemba 1914. Waingereza walikuja na wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, kuuteka mji uliokuwa na walinzi wachache mno, lakini badala ya kushuka tu, nahodha Caulfeild wa manowari HMS Fox alitangulia pwani kuwaarifu Wajerumani kwa adabu kwamba yale makubaliano ya kutoshambuliana yamekwisha. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, akapata wasaa wa kuleta askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi, na vita vilipopamba moto tarehe 4 Waingereza walichakazwa kwa risasi na kwa nyuki, wakarudi melini wakiacha silaha nyingi nyuma. Mzee hukisimulia kisa hiki kwa mambo mawili: sifa za reli yetu, iliyofikisha askari kwa wakati, na sifa za yule nahodha, aliyebisha hodi. “Adui, lakini mstaarabu,” husema. Nilitaka kumuuliza ustaarabu ule uliwasaidia nini wale waliokuwa nyuma yake melini, lakini nikakumbuka nimemwoa mtoto wa nani.

Niwe mwadilifu kwa jambo moja. Mtu akisimama kwenye kivuko chenye mistari myeupe, mzee humsimamia hata kama nyuma anapigiwa honi na mji mzima, na hapo yuko sahihi kabisa, kwani huo si ukarimu bali ni sheria, nami natamani madereva wa mabasi wangekuwa na nusu ya moyo wake. Tatizo ni kwamba yeye hufanya hivyohivyo mahali pasipo na kivuko, kwa mtu ambaye pengine amesimama tu anaongea na simu, na mtu huyo, kwa kuona haya kumkatalia mzee, huvuka barabara ambayo hakuwa na haja nayo.

Basi tuliponasuka pale tukaingia Ngamiani. Mbele yetu, upande wa pili, palikuwa na bajaji iliyotaka kukata kulia kuingia kwenye mojawapo ya ile mitaa ya namba, ambayo ilikuwa kushoto kwetu, na dereva wake alikuwa ametulia akisubiri tupite, kama inavyompasa. Hakuwa na shida yoyote na maisha. Mzee akasimama. Akamulika taa. Sasa taa za kumulikwa katika barabara zetu zina maana nyingi: kwamba mbele kuna trafiki, kwamba nipishe nina haraka, kwamba mlango wako uko wazi, kwa hiyo dereva wa bajaji akabaki akimtazama. Mzee akaongeza mkono, ule mkono wenyewe wa Korogwe, nje ya dirisha, mzima mpaka begani. Nikatazama kioo cha upande wangu. Humo nikaona baiskeli yenye matenga ya machungwa ya Muheza huku na huku, inakuja kwa mwendo wa mtu anayejua kwamba njia ni yake.

Nikasema, “Baba.” Akasema, “Subiri, mkwe, nimpitishe huyu.”

Bajaji ikaondoka, ikapita puani mwa gari letu, na baiskeli ikafika kwa wakati uleule uliopangwa. Mwenye baiskeli alivuta breki zote alizokuwa nazo, tairi likaserereka, akajilaza kwenye ubavu wa bajaji, na machungwa yakaingia mtaani. Namshukuru Mungu aliambulia mchubuko wa goti tu. Mzee akashuka mbio kwenda kumwinua. “Pole, mwanangu,” akamwambia. Yule kijana, angali amelala chini kati ya machungwa yake, akajibu, “Shikamoo, mzee.” Tanga ndivyo tulivyo.

Lakini mzee, katika kuwahi kutoa pole, alishuka akaliacha gari kwenye gia. Nikasikia linaanza kwenda. Kiti cha dereva kitupu, usukani mtupu, mimi nimeshika masikio mawili ya sufuria kwa vitambaa, na mbele yetu bajaji imekaa mkingamo, ndani yake mama mmoja aliyevaa kanga mpya ananitazama usoni jinsi ninavyomjia polepole. Ilinibidi kuchagua kati ya gari na mchuzi. Nilichagua gari, nikainyaka breki ya mkono, nayo ikakamata baada ya sisi kuwa tumekwisha kuigusa bajaji ubavuni, na mchuzi, ambao hakuna aliyeufunga breki, ukaendelea na safari. Ulikuwa umepoa kiasi. Mapaja ya kuku yalibaki nami.

Yule mama akachungulia, akaniuliza, “Huo si mchuzi wa harusi ya Makorora?”

“Ulikuwa,” nikamjibu.

Trafiki alifika akakuta umati unaokota machungwa, baadhi kwa kuyarudisha. Dereva wa bajaji akajitetea kwamba mzee amempungia mkono. “Mzee huyu ni taa za barabarani?” afande akauliza, kisha akamweleza kwamba anayekata kulia huangalia mwenyewe, na kwamba ruhusa ya mwenye gari ni ya gari lake tu, baiskeli haikuulizwa. Nilitaka kumkumbatia, ila kwa hali ya nguo zangu ingekuwa kosa jingine. Halafu akageukia gari letu.

“Lilipoigusa bajaji, nani alikuwa ndani?”

Mzee hajui kusema uongo. “Mkwe wangu,” akasema.

“Ndiye aliyekuwa anaendesha?”

“Hapana, nilikuwa naendesha mimi, ila nilikuwa nje.”

Afande akakitazama kiti cha dereva, akanitazama mimi na mapaja ya kuku. “Kwa hiyo aliyeendesha hakuwamo, na aliyekuwamo hakuendesha.”

“Umelieleza vizuri sana, mwanangu,” mzee akamsifu.

Faini iliandikwa, shilingi 30,000, na afande alipoinyoosha karatasi akiuliza ni nani anayeipokea, mzee alirudi nyuma hatua moja, akanielekezea kiganja kwa upole, akasema, “Tangulia, mkwe.” Nilitangulia. Nikatangulia pia kwenye machungwa yaliyopondeka, na kwenye kunyoosha bati la bajaji, ambalo fundi alilitolea bei ya ndege. Mwenye baiskeli alikuwa muungwana zaidi yetu sote. Alipolipwa alituongezea machungwa mazima kwenye sufuria, mahali palipokuwa na mchuzi. Yule mama alikwisha kuchukua bodaboda akaenda zake, kwa hiyo habari zilifika Makorora kabla yetu, na nilielewa kwamba kule tayari wanachemsha maharage.

Kufikia hapo foleni nyuma yetu ilikuwa imeshika mtaa mzima, honi zinalia, na afande akaona heri aiongoze mwenyewe. Akasimama katikati ya njia panda, akazuia upande wa kulia kwa mkono mmoja, akazuia wa kushoto kwa mkono wa pili, kisha akatugeukia na kutupa ishara kwamba tupite, tupite haraka, tumwondokee. Mzee akasogea taratibu mpaka alipomfikia, akasimama, akautoa mkono dirishani.

“Pita wewe kwanza, mwanangu.”

Afande akashusha mikono yote miwili. Akaja mpaka dirishani, akainama.

“Mzee,” akasema, “mimi siendi popote.”