Kocha Anapopinga: Ni Jicho la Mwamuzi au Ni Sheria?

Mwamuzi wa softiboli ana kauli moja ambayo, akiitamka, mjadala huwa umekwisha: "Hayo ni maamuzi yangu." Sheria inampa haki hiyo, kwa kuwa straiki (mrusho ambao mpigaji ameukosa, au ameuacha ukiwa ndani ya eneo la kupigia) na boli (mrusho uliopita nje ya eneo hilo naye akauacha), auti (mchezaji kutolewa) na salama (mkimbiaji kufika kituoni bila kutolewa), ni mambo ya jicho lake, na kocha haruhusiwi kuweka pingamizi juu ya kile mwamuzi alichokiona. Kinachoweza kupingwa ni mwamuzi kutafsiri sheria vibaya, kutumia sheria isiyohusika au kuacha adhabu inayostahili. Suala la mchezaji asiyestahili kucheza lina utaratibu wake, nami silishughulikii hapa.

Ugumu ni kwamba jicho na sheria mara nyingi hukutana ndani ya tukio moja. Tuseme mchezo uko jijini Dar es Salaam, katika uwanja wa Shule ya Sekondari Azania. Mkimbiaji amesimama kituo cha kwanza, auti ni mbili, mpigaji anakosa straiki ya tatu na mdakaji, anayedaka mirusho nyuma yake, anauangusha mpira. Mwamuzi anatangaza auti ya tatu, inayomaliza zamu ya kupiga, na kocha wa timu inayopiga anamfuata mbio. Ikiwa kocha anadai mpira uligusa ardhi, hivyo mpigaji angeweza kukimbilia kituo cha kwanza, na mwamuzi anasema haukugusa, hilo ni la jicho, na kocha hana budi kurudi kwenye benchi lake. Lakini ikiwa mwamuzi anakiri kwamba uligusa, ila anashikilia kwamba mpigaji ni auti kwa sababu kituo cha kwanza kilikuwa na mtu, amekosea sheria, maana kizuizi hicho, cha mpigaji kutokimbia kituo cha kwanza kikiwa na mtu, huondoka auti zikishafika mbili na mpigaji alikuwa na haki ya kukimbia. Akijibu "maamuzi yangu" hapo, anaificha nyuma ya jicho lake sheria asiyoijua.

Wanaotetea msimamo mkali wa waamuzi wana hoja nzito. Wapo makocha ambao huingia uwanjani si kwa ajili ya sheria bali kumpoza mrushaji wa wapinzani aliyeshika kasi, na mchezo wa ingizo saba (katika kila ingizo kila timu hupata zamu moja ya kupiga) katika uwanja usio na taa hauwezi kuvumilia mikutano ya namna hiyo. Ndiyo maana pingamizi lazima litangazwe kabla ya mrusho unaofuata, au, timu inapotoka uwanjani, kabla walinzi wote wa ndani, wanaolinda karibu na vituo, hawajavuka mistari ya pembeni ya uwanja. Bila mpaka huo, kila aliyefungwa angekumbuka sheria jioni, akiwa ndani ya daladala.

Hata hivyo, mpaka huo unamwelemea zaidi kocha aliyejifunza mchezo kwenye semina ya siku chache, kwa kitabu cha Kiingereza. Anahisi kwamba pana kosa, lakini kabla hajapata maneno ya kulieleza mrusho umekwisha kwenda. Kwa maoni yangu, muda usiongezwe, mwamuzi ndiye asimamishe mchezo, amsikilize kocha mmoja tu, kando, na amwulize swali moja: "Unapinga nilichokiona, au sheria niliyoitumia?" Kisha amwendee mwamuzi mwenzake. Wapo wanaosema kushauriana ni kuonyesha udhaifu, nami naona wanachanganya heshima na ukaidi.

Jambo lingine ni la adabu zetu. Mwamuzi kijana anaweza kukuta kocha anayemjia ni mwalimu wake wa zamani, na baada ya "shikamoo, mwalimu" kumkatalia huwa kazi. Wengine hulegea, wengine hujikaza kupita kiasi ili wasionekane wamelegea, na pande zote mbili sheria husahaulika.

Kocha asiporidhika, mwamuzi amjulishe kocha wa upande wa pili na mwandishi wa matokeo, na ziandikwe idadi ya auti, hesabu ya straiki na boli za mpigaji, vituo vyenye wakimbiaji na matokeo ya wakati huo. Pingamizi likikubaliwa, mchezo hurudiwa kuanzia palepale kwa uamuzi uliosahihishwa. Kwa timu iliyotoka Mbagala na nyingine ya Tegeta, kurudi siku nyingine kwa ajili ya ingizo moja na nusu kuna nauli, ruhusa za shule na uwanja wa kuomba upya, gharama ambayo dakika mbili za kushauriana kabla ya mrusho unaofuata zingeiepusha.