Sosholojia ya elimu na mwalimu mwenye chaki mkononi

Wanaosomea ualimu vyuo vikuu wana lalamiko lisiloisha: kozi ya sosholojia ya elimu, inayoichambua elimu kama nguvu ya kijamii, ni ya kukariri tu. Wao wanataka mbinu za kufundishia. Kujua kwamba mkoloni alitenga shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika kutamsaidia nini mtu mwenye watoto themanini darasani?

Nami nililalamika hivyo, mpaka nilipokwenda BTP, yale mazoezi ya kufundisha shuleni. Kila asubuhi mwalimu wa zamu alisimama getini na fimbo, na binti mmoja wa kidato cha kwanza hakukosa kwenye kundi la wachelewaji. Anapokea viboko vyake, anaingia darasani mikono kaibana kwapani. Andalio langu la somo lilikuwa safi, zana zipo, lakini yeye hakunyoosha mkono hata siku moja. Siku moja baada ya kipindi nikamwuliza kwa Kiswahili, akanieleza mmeng'enyo wa chakula kuanzia mdomoni bila kukwama. Kumbe anajua! Shule ya msingi alisoma sayansi kwa Kiswahili, huku sekondari kila kitu kimegeuka Kiingereza. Na kuchelewa je? Maji yachotwe kwanza. Hakuna mbinu ya kufundishia iliyokuwa imenieleza hayo.

Hata wakubwa wa nchi hukosea wasipoitazama jamii. Azimio la Musoma la 1974, la chama tawala TANU, lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, ili wasomi wasijitenge na wananchi. Nia njema kabisa. Ila kwa msichana, miaka hiyo ya kusubiri ndiyo ya posa na ndoa, na baadaye ikabidi wanawake waondolewe sharti hilo.

Hata hivyo, walalamikaji wana hoja moja nzito, ingawa wenyewe huitaja kwa nadra. Sosholojia hii humpa mwalimu kisingizio. Ofisini nimesikia mara nyingi: "Hawa ni mazingira yao, utafanyaje?" Anayesema hivyo kasoma, tena vizuri, nadharia anazo zote za kwa nini mtoto wa maskini hufeli, na kwa sababu hiyo kaacha kusahihisha madaftari yao. Bora yule asiyejua nadharia lakini kila jioni anabaki na watoto na kamusi moja iliyochanika.

Mimi nasema kozi ibaki, ila itoke kwenye ukumbi wa mihadhara iende BTP. Sasa hivi vitu hivi viwili havijuani. Mhadhiri aliyekuja kunikagua alikaa nyuma ya darasa akajaza fomu yake: utangulizi, zana, sauti, matumizi ya ubao. Nikapata alama nzuri. Nje ya dirisha, wachelewaji walikuwa bado wamepiga magoti, na yule binti akiwa miongoni mwao.