'Tengo' inaanzia kwenye 'nina'

Jumamosi jioni huwa nakaa barazani kwa shangazi yangu, Temeke, na vijana wanne wanaojifunza Kihispania. Wiki iliyopita mmoja wao, anayetafuta kazi ya kuongoza watalii, alinipa daftari nimsahihishie. Mstari wa kwanza ulisomeka: "Yo soy hambre." Alitaka kusema ana njaa.

"Umefikaje hapa?" nikamuuliza.

"Dada, kwa Kiingereza hawasemi mtu ana njaa, wanasema mtu ni mwenye njaa. Nikatafuta 'ni' ya Kihispania, nikapata 'soy'."

"Achana na Kiingereza. Kwa Kiswahili ungesemaje?"

"Nina njaa."

"Na 'nina' ni nini?"

Akanyamaza, akatazama juu kwenye bati, kisha akasema taratibu: "Tengo." Akachukua kalamu mwenyewe, akakata ule mstari, akaandika chini yake: "Tengo hambre."

Mstari ule uliokatwa ndio umenifanya niandike. Mimi nilijifunza Kihispania jioni, baada ya kazi, kwenye chumba cha kupanga huko Sinza. Karatasi tulizopewa zilikuwa na safu mbili: Kihispania kushoto, Kiingereza kulia. Darasa zima tulikuwa Waswahili, mwalimu naye Mtanzania, lakini kila neno la Kihispania lilitufikia likiwa limevalishwa Kiingereza kwanza. Wenzangu kadhaa waliacha. Walisema vitenzi vya Kihispania ni vigumu. Mimi naamini kilichowachosha ni ule mzunguko, na tener, yaani kuwa na, kitenzi kinachosumbua kuliko vingi kwa jinsi kinavyobadilika, kinanipa ushahidi kila Jumamosi.

Anza na wakati uliopo: tengo, tienes, tiene, tenemos, tenéis, tienen. Nina, una, ana, tuna, mna, wana. Kiswahili chenyewe hapa kimeacha kanuni, maana hatusemi "ninakuwa na njaa". Wakati uliopita tunasema nilikuwa na, ujao nitakuwa na, lakini uliopo kitenzi "kuwa" kinatoweka kabisa, inabaki nafsi na "na". Kwa hiyo mtu wa Dar anayeambiwa kwamba kitenzi cha kumiliki hakifuati kanuni asishtuke. Cha kwake hakifuati pia, na amekitumia tangu alipoanza kusema.

Halafu hesabu vitu ambavyo Mhispania "anavyo" kama sisi. Tengo hambre, nina njaa. Tengo sed, nina kiu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo prisa, nina haraka. Tengo miedo, nina woga. Tengo veinte años, nina miaka ishirini. Katika yote hayo Kiingereza kinaenda njia nyingine, kinamgeuza mtu kuwa mwenye njaa, mwenye kiu, wa miaka ishirini, na mwanafunzi anayepita huko lazima apotee. Joto na baridi ndivyo vinavyotutenga: wao husema tengo calor, tengo frío, sisi tunasema tunasikia joto, tunasikia baridi. Hayo mawili yakariri. Ukikaa Dar mwezi wa pili, "tengo calor" utaikariri bila kuombwa.

Jambo lingine dogo linalomfichua mtu aliyepitia Kiingereza: anaweka "yo", yaani mimi, kila mahali. Yo tengo, yo voy, yo quiero. Kiingereza hakiwezi kuacha kiwakilishi, kwa hiyo naye haachi. Lakini Kihispania kinajua nafsi kwa mwisho wa kitenzi, kama Kiswahili kinavyoijua kwa mwanzo. Sikiliza mtu anayesema "mimi nina njaa, mimi nakwenda, mimi nataka chai". Utadhani anagombana na mtu. Hivyo ndivyo "yo" inayorudiwa inavyosikika kwa wenyewe. Mswahili angeachwa asikilize lugha yake, kosa hili asingelifanya kabisa.

Sasa lile linaloogopesha watu: kwa nini ni tienes na tiene, lakini tenemos? Kwa nini "ie" inakuja na kuondoka? Tulipouliza darasani tuliambiwa ni kitenzi kisichofuata kanuni, tukariri. Nilikariri. Jibu nililipata baadaye sana, na lilikuwa ndani ya sahani ya chakula.

Tazama kitenzi kula. Tunasema ninakula, nilikula, nitakula, nimekula. Ile ku- imebaki. Lakini tunasema nikila, nile, sili, na hapo ku- imeondoka. Mtoto wa miaka minne Mbagala hakosei hata mara moja. Sababu ni mkazo. Kwa Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mzizi -la ni silabi moja tu, kwa hiyo mkazo unarudi nyuma, na viambishi vya wakati kama -na-, -li-, -ta- na -me- haviwezi kuubeba. Inabidi ku- ibaki iubebe: ninaKUla. Kwenye nikila, -ki- inaubeba yenyewe, ku- haina kazi tena: niKIla.

Rudi kwenye tener ukiisema kwa sauti. TIEnes, TIEne, TIEnen. Halafu teNEmos, teNÉIS. Mkazo ukikaa juu ya mzizi, ile "e" inapasuka kuwa "ie", isipokuwa kwenye tengo yenye "g" yake. Mkazo ukihamia mwishoni kwenye kiambishi, mzizi unatulia, "e" inarudi kuwa "e". Querer, kutaka, kinafanya hivyohivyo: quiero, queremos. Poder, kuweza, nacho, ila chake ni "o" inayogeuka "ue": puedo, podemos. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, na zote zinabadilisha sura ya kitenzi kwa sababu ya mahali mkazo unapokaa. Nilipoliona hili nilikuwa ndani ya basi la mwendokasi nikirudi Kimara, nikawa nasema ninakula, nikila, tiene, tenemos kimoyomoyo hadi kituo cha mwisho.

Wakati ujao nao una siri ya namna hii. Kwa kanuni ingekuwa "teneré", lakini wenyewe wanasema tendré, tendrás, tendrá. Ile "e" ya katikati imedondoka, "n" ikakutana uso kwa uso na "r", na ulimi ukiwa njiani kutoka n kwenda r ukagusa d. Venir, kuja, na poner, kuweka, vimepita hapohapo: vendré, pondré. Mtu atasema mambo hayo ni ya Wahispania. Sasa mwambie akupe kivumishi cha -refu. Mti mrefu, watu warefu, na njia je? Njia ndefu. D imetoka wapi? N ya ngeli imekutana na r, mdomo ukafanya kazi yake. Ulimi mmoja, ndimi nyingi, d ileile. Vijana wangu nilipowaonyesha hilo hawakuniuliza tena kuhusu tendré, na tendría, ningekuwa na, ikafuata bila jasho kwa sababu inatumia mzizi huohuo.

Siwadanganyi kwamba kila kitu kina mlango wa uani. Ile "g" ya tengo ni ya kukariri tu. Ijue pamoja na wenzake, vengo, pongo, salgo, kwa sababu utaikuta tena mbele. Na mzizi wa tuve, sura ya tener ya wakati uliopita, unaofanana na wa estuve na anduve, nao ni wa kukariri.

Lakini matumizi ya tuve, hapo ndipo Kiingereza kinapotuangusha vibaya zaidi. Kihispania kina nyakati mbili za jambo lililopita, tuve na tenía. Kwenye karatasi zetu za Sinza zote mbili ziliandikwa neno moja la Kiingereza, kisha likafuata fungu refu la maelezo juu ya matendo yaliyokamilika na yasiyokamilika. Nikasoma, nikafanya zoezi, nikakosa yote.

Angalia tukienda moja kwa moja. "Mi abuela tenía un puesto de pescado en Feri." Bibi yangu alikuwa na meza ya samaki Feri. Hali ilikuwepo, iliendelea, hatusemi ilianza lini wala iliisha lini. "Ayer tuve un problema." Jana nilipata tatizo. Hapa kuna kitu kimetokea, kimeanza na kwisha. Tenía ni nilikuwa na. Tuve, mara nyingi, ni nilipata. Ndiyo maana "tenía una hija" ni nilikuwa na binti, na "tuve una hija" ni nilipata binti, yaani nilijifungua. Kwa Kiswahili ni maneno mawili tofauti kabisa, hakuna anayeyachanganya. Tulikuwa na ufunguo mfukoni, tukapewa fungu refu la maelezo juu ya kufuli.

Kipo pia kitu ambacho Kiswahili kinatupotosha, na ni haki nikiseme. Tunasema "ningekuwa na pesa, ningenunua kiwanja Kigamboni", -nge- mbele na -nge- nyuma. Mwanafunzi wetu basi anaandika "si tendría dinero, compraría", sura moja pande zote mbili. Kihispania sanifu kinataka sura mbili: "Si tuviera dinero, compraría un terreno en Kigamboni." Upande wa sharti ni tuviera, upande wa matokeo ni compraría. Kosa hili ni letu, mwalimu anayejua Kiswahili analitegemea kabla halijatokea, na anaweza kulizuia kwa sentensi tano. Mwalimu anayefundisha kana kwamba vichwani mwetu mna Kiingereza tupu hawezi kujua limetoka wapi.

Baada ya hapo kuna "tenga", ile sura ya kutaka na kuombea ambayo vitabu vya Kiingereza huiwekea sura nzima ya maonyo. Mswahili anaitumia kabla hajanywa chai. Naomba unisaidie. Acha niende. Mwambie aje. Mwisho wa kitenzi tunabadilisha -a kuwa -e, kwa sababu jambo bado halijawa, linatakiwa tu. Na tazama hablar, kusema: habla, anasema, que hable, aseme. Habla, hable, sema, seme. Wao nao wametoa a wakaweka e. Vitenzi vya -er kama tener vinafanya kinyume, e inakuwa a, na ile "g" tuliyoikariri inarudi: tenga, tengas, tengamos. Kazini kwangu, kwenye mapokezi ya hoteli, kila mgeni wa Kihispania anayeondoka namwambia "que tenga buen viaje", awe na safari njema. Sijawahi kuhitaji maonyo ya kitabu kwa sentensi hiyo. Hata neno lao la kutumaini, ojalá, limetoka kwenye Kiarabu cha Andalusia, na maana yake ya asili ni Mungu akipenda. Ojalá tengas suerte, Mungu akipenda uwe na bahati. Mtu wa pwani aliyezoea inshallah ataliona ni la nyumbani.

Nimeshaambiwa kwamba nayasema haya kwa mapenzi tu, kwamba vitabu vilivyopo ni vya Kiingereza, na Kiswahili na Kihispania havijawahi kukaa pamoja. La vitabu ni kweli, na ndilo linalonisikitisha. La kukaa pamoja si kweli. Mwaka 1965 mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara alipitia hapahapa Dar es Salaam akienda Kongo. Yeye na Wakuba wenzake walijipa majina ya kificho kwa namba za Kiswahili, na yake ilikuwa Tatu. Kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, ndiye aliyepewa kazi ya kumkalimania na kumfundisha Kiswahili. Mwisho wa mwaka huo Guevara alirudi Dar na kujificha kwenye ubalozi wa Kuba kwa miezi kadhaa. Lugha hizi mbili zilikutana porini, watu wakiwa na haraka, na Kiingereza hakikuwa lugha ya yeyote kati yao.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Mwalimu wa Kihispania wa Dar aandike safu ya kulia kwa Kiswahili. Karatasi moja ya tener: tengo, nina; tenía, nilikuwa na; tuve, nilipata; tendré, nitakuwa na; tendría, ningekuwa na; que tenga, awe na. Nimeshaiandika yangu kwa mkono, na yeyote anayefundisha ainakili.

Jumamosi ileile, tulipofika kwenye tuve, shangazi alikuwa anachambua mchele mlangoni. Yule kijana wa "soy hambre" alitaka kujaribu swali kamili. "Dada, nikitaka kumuuliza mama hapa amezaa watoto wangapi, ni '¿Cuántos hijos tuvo?'"

"Sawasawa."

"Anasemaje huyo?" shangazi akauliza.

"Anauliza ulipata watoto wangapi."

Shangazi hakuinua macho kwenye ungo. "Mwambie nilipata saba," akasema. "Ninao sita."

Kijana aliinamisha kichwa kwenye daftari kwa muda. Alipomaliza akanigeuzia. Alikuwa ameandika mistari miwili, na hapakuwa na cha kusahihisha:

Tuvo siete.
Tiene seis.