Chubwi ya kuyeyusha nyumbani: akiba iko wapi?

Mvuvi wa mshipi anayeshusha ndoana penye miamba nje ya Nyali au Likoni hupoteza chubwi, kile kizito kinachozamisha ndoana, kila mara. Ikinasa kwenye matumbawe, hana budi kukata uzi. Ndiyo maana wengi Mombasa huona afadhali kununua madini ya risasi chakavu kwa kilo na kujiyeyushia, kuliko kununua chubwi moja moja dukani.

Kwa pesa peke yake, wana haki. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za selsiasi, joto ambalo jiko la makaa hulifikia, na kilo moja hutoa karibu chubwi kumi za gramu 100. Kalibu ya kumiminia risasi hudumu miaka. Tena mvuvi hujipimia uzito anaoutaka, mkubwa wakati mkondo unavuta, mdogo bahari ikitulia.

Lakini katika hesabu hiyo mapafu ya aliyeshika sufuria hayamo, wala watoto wanaocheza uani. Risasi ni sumu, na sumu hii Mombasa tunaijua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu risasi damuni. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaibatilisha, hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha Desemba 2024. Uani si kiwanda, kweli, ila Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Vumbi lake hubaki sakafuni, nguoni, mikononi.

Risasi ya betri siikubali hata kidogo. Sahani zake zimejaa unga wa risasi na asidi, kwa hiyo ukizivunja umeshamwaga sumu kabla ya kuwasha moto.

Kwa mvuvi wa mshipi, naona kuyeyusha hakumlipi. Plagi kuukuu zinazotupwa gereji, au nati za chuma, zinatosha. Chubwi ya chuma huwa na ujazo kama mara moja na nusu kwa uzito ule ule, na mkondo huisukuma zaidi. Katika Mlango wa Kilindini hilo utalihisi. Lakini ikipotea mwambani, hujapoteza pesa wala hujaacha risasi baharini.

Mwenye nyavu ana shida nyingine, kwani kamba ya chini hutaka chubwi nyingi ndogo, na nati humkwaza. Huyo ayeyushe, lakini na wenzake, mara moja kwa msimu, pahali wazi mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni. Kila kipande kiwe kikavu, maana tone la maji hulipuka na kurusha risasi ya moto usoni. Sufuria ile isirudi jikoni, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.